Kudarizi kigoda cha kupigia magoti

Ukigeuza kigoda cha kupigia magoti kiwe sanaa inayotaja kazi za wanawake zisizolipwa, darizi kwanza, ndipo uvike mto. Maneno yaelekee anayepiga magoti. Yeye ndiye msomaji wako. Chagua kitambaa kizito cha pamba na uache sentimita 10 tupu kila upande, kwani sponji ya sentimita 5 hula kitambaa kuliko unavyodhani. Piga pini za stepla kuanzia katikati ya kila upande kuelekea kwenye kona, ukivuta kwa kufuata nyuzi za kitambaa. Ukianzia kwenye kona au ukivuta mshazari, mistari hupinda na herufi za mwisho huzama ukingoni. Usifunge mafundo nyuma, maana huchomoza kama vipele kitambaa kikikazwa; pitisha ncha ya uzi chini ya mishono 3 au 4.