Kusuka msalaba wa Brigida kwa nyasi za kinamasini

Usiku wa tarehe 31 Januari, kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Brigida wa Kildare, watu wengi wa Ayalandi husuka msalaba wa nyasi na kuutundika juu ya mlango, kinga ya nyumba dhidi ya moto. Kwa hesabu yao ya kale, kesho yake ndiyo majira ya kuchipua yanaanza, hata kama nje meno yanagongana. (Tangu 2023 kuna mapumziko ya kitaifa ya Brigida, kwa kawaida Jumatatu ya kwanza ya Februari, na watu wengi hawaendi kazini.) Mimi niliyekua nikisuka ukili nilidhani ni kazi ya dakika tano.

Hatua ya 1. Tafuta nyasi za mviringo ziotazo penye majimaji, zile zenye uboho mweupe laini ndani. Zing'oe kwa mkono. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda na kisu. Bibi jirani akaninyang'anya bila neno, akaushika unyasi chini kabisa, akavuta, ukachomoka mzima. Mila inasema zing'olewe, zisikatwe. Chukua 30 hivi, usuke zingali mbichi. Zikikauka hukatika kwenye kunjo.

Hatua ya 2. Shika unyasi mmoja wima. Kunja wa pili katikati, uupitishe nyuma ya ule wa wima, ncha zake zote mbili zielekee kulia. Bana makutano kwa kidole gumba.

Hatua ya 3. Zungusha kazi yote robo mzunguko kinyume cha saa: ncha zilizokuwa kulia sasa zinatazama juu. Kunja unyasi mwingine, uzikumbatie hizo zilizosimama, ncha zielekee kulia tena. Vuta ubane. Zungusha, kunja, vuta.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukigeuza upande mmoja leo na mwingine kesho, mraba wa katikati hauji. Na usilegeze gumba hata kama simu inaita! Mikono yetu imezoea chane zinazopishana juu na chini. Hapa hakuna kupishana, kila unyasi mpya unaukandamiza uliotangulia, na wa mwisho ndio unaoshika wote.

Hatua ya 4. Mraba ukishafika upana wa vidole vitatu au vinne, pitisha ncha za unyasi wa mwisho ndani ya kunjo la jirani yake. Funga mikono yote minne ya msalaba kwa uzi, kaza, kisha punguza ncha kwa mkasi. Sasa mkasi unaruhusiwa.

Usiku huohuo weka kitambaa nje, dirishani au juu ya kichaka. Wanaamini Brigida hupita na kukibariki, na wengine hukihifadhi mwaka mzima wakijifunga kichwa kikiuma.

Msalaba wa mwaka jana? Wapo wanaouchoma. Bibi yule huuacha palepale na kuupachika mpya pembeni. Kwenye dari la zizi lake nilihesabu kumi na moja, ule wa mwisho mweusi kwa moshi.