Kandege kakianguka porini Sikonge, fanya hivi kabla wachunguzi hawajafika

Hii ni ya warina asali, wachoma mkaa na wachungaji wa Sikonge, Kaliua, Uyui na huko kote, maana ndege ndogo ikidondoka kwenye miombo atakayeifikia mwanzo sio mchunguzi, ni wewe na baiskeli yako. Bukoba pale tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoingia ziwani na watu 43 wavuvi ndo walifika kwanza na mitumbwi yao, wakapona watu 24. Kwahiyo usijione huhusiki.

Cha kwanza moto. Mrina asali, ule mwenge wako wa moshi uache mbali kabisa, hata kama ndege imepiga mizinga na nyuki wamechachamaa. Ndege nyingi za injini ya pistoni zinatumia petroli ya ndege, ina rangi ya bluu, na tenki ziko kwenye mabawa ambayo ndo yanapasuka mapema. Sigara zima. Na asije mtu na kidumu kukinga mafuta, Morogoro Agosti 2019 tuliona wenyewe lori la mafuta lilivyomaliza watu zaidi ya 100.

Aliye hai mtoe, kata mkanda, kata bati, hapo hakuna wa kukulaumu, ila weka kichwani alikuwa kakaa siti gani. Aliyekufa kama moto haumfikii mwache alipo, mfunike kanga, subirini polisi. Tafadhali msimpige picha mkarusha kwenye magrupu, mke wake anaweza kujulia huko.

Piga 112, mwambie na mtendaji wa kijiji. Kama hakuna mtandao fungua ramani kwenye simu, GPS inasoma hata bila bando, andika zile namba mbili zinazoonyesha mahali ulipo kwenye karatasi umpe wa bodaboda akimbie nazo mpaka penye network. Ukikuta kwenye mkia kuna kiredio kinawakawaka taa usikizime wala usikate antena, hicho kinaita setilaiti kwa 406 MHz.

Sasa hapa ndo huwa tunaharibu. Skrepa. Ndege ni aluminiamu, na aluminiamu huku ni sufuria, kwahiyo ndani ya masaa mawili tu watu wameshaanza kubeba. Ndege ndogo nyingi hazina kile kisanduku cheusi (ambacho kwanza ni cha rangi ya chungwa), vyuma vyenyewe ndo vinaongea. Chukua pangaboi la mbele: kama injini ilikuwa inavuta wakati inagonga, mapanga yanajipinda pinda na yanakuwa na michubuko ya kukatisha upana, kama injini ilikuwa imeshazima mara nyingi unakuta panga moja limekunjwa nyuma na lingine limenyooka tu. Sasa mtu akilinyoosha na nyundo ili likae kwenye baiskeli, jibu limepotea. Hata miti ni ushahidi jamani, mti wa kwanza kukatwa na wa mwisho vinaonyesha ndege ilikuja kwa mlalo au ilidondoka kama embe, kwahiyo machela katieni miti ya upande mwingine. Weka sungusungu wawili watatu walinde, na picha piga kwa mbali kabla watu hawajakanyaga.

Halafu wewe uliyeona, usikimbilie kijiweni. Kijiwe kikishaanza, nusu saa tu watu kumi wana stori moja na wote waliona moto angani, hadi aliyekuwa kisimani anachota maji. Kaa pembeni ukumbuke ya kwako. Injini iliunguruma sawasawa mpaka chini, au ilikohoa kama Boxer inayoishiwa mafuta, au ilikata ukasikia upepo tu? Moshi uliuona kabla haijagusa miti au baada? Sauti nayo inachelewa, kilometa 1 ni kama sekunde 3, kwahiyo kishindo umekisikia yenyewe imeshatua kitambo. Chomeka kijiti pale ulipokuwa umesimama, wakija waonyeshe kwa kidole ilipita juu ya mwembe upi, wao watapima. Usiwaambie futi 500, umezipimia wapi?

Wanaokuja ni wa kitengo cha uchunguzi wa ajali za ndege cha wizara ya uchukuzi, na ndege ikiwa ya Marekani mfano Sesna basi na Wamarekani wana haki ya kuleta mtu wao. Ripoti ya awali inatakiwa ndani ya siku 30, ya mwisho ikiwezekana ndani ya miezi 12, msiwe na haraka. Uchunguzi wao sio wa kumfunga mtu, wanatafuta sababu ili isijirudie, kesi ni mambo ya polisi. Kwahiyo kama mtoto ameshabeba kipande amekiweka uvunguni usikitupe mtoni kwa uoga, kirudishe, waonyeshe kilipokuwa kimelala na kilivyokuwa kimeelekea.