Mtu akidondoka kwenye joging: iandae klabu yako mapema

Dar sahivi karibu kila mtaa una klabu ya joging, wikiendi asubuhi barabarani tisheti za kila rangi, ila uliza mtu akidondoka ghafla nani anafanya nini, kimya. Jamani tupange kabla.

Anzeni kwa kutafuta mashine ya kushtua moyo, ile AED, iliyo karibu na ruti yenu. Pitieni hotelini, jimu, kwenye maghorofa ya ofisi, muulizeni mlinzi: mnayo? iko wapi? saa 12 asubuhi ufunguo anao nani? Hilo la ufunguo ndo kubwa kuliko yote, maana mashine iliyofungiwa ofisini kwa meneja anayeingia saa 3 mi naihesabu haipo. Muombe muione, taa ya kijani iwake, tarehe ya betri na ya stika (zile za kubandika kifuani) isiwe imepita. Mkichanga mkanunua ya kwenu safi sana, ila msiiache kwenye buti ya gari juani, joto letu hili linaharibu betri na kukausha gundi ya stika.

Halafu gaweni kazi kwa majina: wa kukandamiza kifua, wa kupiga 112 na kutafuta gari, wa kukimbilia mashine. Msalaba Mwekundu wanafundisha, pelekeni hata watu wachache.

Siku yenyewe sasa. Mtu kadondoka, mwite, mtikise mabega, haitiki na hapumui, au anakoroma mara mojamoja kama anatafuta hewa, usidanganyike hapo hapumui, hesabu moyo umesimama. Kumpepea na kumwagia maji hakusaidii kitu! Mlaze chali, kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono imenyooka, kandamiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na kila mara uachie kifua kirudi juu. Inachosha mno so pokezaneni kila dakika 2. Mbavu zinaweza kuvunjika, endelea tu, kwa sababu kila dakika inayopita bila kukandamizwa wala shoti nafasi ya kupona inashuka kama asilimia 7 hadi 10.

Mashine ikifika iwashe, itakuelekeza yenyewe kwa sauti (nyingi zinaongea Kingereza, kwa hiyo wa kuisikiliza mjueni mapema). Kata tisheti, futa jasho kifua kikauke kabisa, stika moja chini ya mtulinga wa kulia, nyingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. Mwanamke naye hivyohivyo, wenzake wamkinge na kanga, aibu isimuue mtu. Ikisema msimguse, wote kaeni mbali. Msiiogope, haipigi shoti moyo usiouhitaji. Mchezaji wa Denmark Christian Eriksen alidondoka uwanjani Copenhagen mwezi wa 6 2021, akakandamizwa kifua na kupigwa shoti palepale, mwaka uliofuata karudi kucheza mpira.

Shoti ikishapigwa rudi kukandamiza hapohapo, usisubiri uone. Akianza kupumua vizuri mlaze ubavu, stika usizibandue, mashine iende naye mpaka hospitali.