Namna ya Kutambua Spishi Mpya ya Konokono wa Miiba kwa Kombe Lake

Maji yanapokupwa sana wakati wa bamvua, kama kule Msimbati au Mikindani, mkoani Mtwara, ukikutana na kombe lenye miiba usiamini haraka kwamba ni spishi mpya. Hesabu kwanza matuta mazito yanayobeba miiba, kwa kuwa konokono wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Murex, iliyopewa jina na mwanasayansi wa Uswidi Linnaeus mwaka 1758, huwa na matatu katika kila mzunguko. Kisha lishike kombe mdomo ukikuelekea, upime urefu wake wote na urefu wa mfereji mwembamba unaoshuka kutoka mdomoni.

Urefu wa miiba hudanganya, maana mawimbi huivunja na kuisaga. Mimi huitegemea zaidi ncha ya kilele: pale, chini ya lenzi, ipo mizunguko midogo laini ambayo konokono aliijenga akiwa bado lava, yaani katika hatua yake ya uchanga, na idadi yake hutofautisha spishi zinazofanana sana kwa mengine yote. Kwa kuwa ncha ya kombe kuukuu mara nyingi imelika, tafuta changa.

Linganisha makombe kadhaa, si moja, na spishi zilizokwisha kuelezwa. Tofauti ikibaki ileile katika yote, mtaalamu atachunguza pia mnyama mwenyewe na DNA yake. Jina jipya hukubalika baada ya maelezo kuchapishwa na kielelezo kimoja kuteuliwa kuwa mfano rasmi wa spishi hiyo. Ndani ya hifadhi ya bahari, piga picha pamoja na rula, kisha uliache kombe palepale, hasa likiwa na konokono hai.