Jinsi ya kufunga jigi ya singa zisizozunguka wala kuchomoka

Juzi nimekaa mezani na rafiki yangu mpaka usiku wa manane. Alikuja na jigi kumi na mbili, yaani chambo bandia za kuvulia samaki, ndoano yenye kichwa kizito na singa zilizofungwa nyuma yake. Alizifunga mwenyewe, nzuri kwa macho, ila kila moja akiirusha majini mara tatu nne inabaki kipara. Nilichukua moja, nikaigusa kwa kidole gumba, na singa zote zikazunguka kwenye ndoano kama pete iliyolegea. Nikajua papo hapo pa kuanzia, kwa kuwa ugonjwa huo ulinitesa msimu mzima nilipoanza. Haya ndiyo niliyomwonyesha.

Vifaa

Jiriwa dogo la kubana ndoano, bobini ya kushikia uzi, mkasi wenye ncha kali, kitana cha meno membamba, sindano, gundi ya supagluu na rangi ya kucha ile isiyo na rangi. Kama fedha inatosha kununua kitu kimoja tu cha hali ya juu, basi kiwe bobini yenye mrija wa kauri. Mrija wa chuma ukipata mkwaruzo mdomoni unakata uzi, nawe utadhani mkono wako ndio mzito. Jiriwa la kawaida linatosha, alimradi ndoano haichezi ukiikandamiza.

Uzi wangu ni nailoni bapa iliyopakwa nta, denia 210 (denia ni kipimo cha unene wa uzi) kwa jigi za gramu 3.5 na kuendelea. Kwa zile ndogo za gramu 1.8 nashuka hadi denia 140. Wapo wanaotumia uzi wa cherehani. Nimeujaribu na sitaurudia: ni wa mviringo, unapandana na kuacha vilima, tena hauvumilii kuvutwa.

Hatua ya 1: Kichwa

Anza na kichwa cha duara cha gramu 3.5. Chagua chenye shingo laini nyuma yake, kisicho na mwiba wa kushikia chambo cha plastiki. Kama mwiba upo, ukate kwa koleo. Paka rangi kabla ya kufunga, kamwe si baadaye.

Vichwa vingi ni vya risasi, na risasi ni sumu. Usivishike kwa meno, usile ukiwa kazini, nawa mikono ukimaliza. Uingereza ilikataza kuuza vipande vidogo vya risasi vya kuzamishia mishipi tangu 1987, kwa sababu batamaji walikuwa wakivimeza na kufa. Vichwa vya tungsteni ni ghali zaidi, lakini madini hayo ni mazito kuliko risasi, hivyo kichwa cha uzito uleule kinakuwa kidogo. Mimi nimeshahamia huko kwa jigi ndogo zote.

Hatua ya 2: Singa

Ninazozipenda ni singa za mkia wa kulungu, yule wa Amerika Kaskazini mwenye mkia mweupe. Mkia mmoja una singa za tabia tofauti, na hilo halikuandikwa kwenye pakiti. Zile za karibu na shina la mkia ni nene na zina uwazi ndani. Ukizikaza zinasimama na kutawanyika kama mwavuli. Za kuelekea ncha ni nyembamba na zinalala vizuri. Kwa jigi zako za kwanza kata za katikati.

Kata fungu karibu kabisa na ngozi. Lishike kwenye ncha, kisha chana sehemu ya chini mpaka malaika yote, yale manyoya mafupi laini, yatoke. Yakibaki, uzi utakuwa umekaza sufi badala ya singa.

Ukikosa mkia wa kulungu, manyoya ya marabu yanafaa sana. Jina limetoka kwa korongo marabu, ingawa siku hizi huwa ni manyoya laini ya bata mzinga. Yanachezacheza majini kama yanayopumua, hata jigi ikiwa imetulia.

Hatua ya 3: Msingi wa uzi

Bana ndoano, zungushia uzi shingo yote kwenda na kurudi mpaka risasi isionekane. Weka tone dogo la supagluu, lisambaze kwa sindano. Rafiki yangu aliiruka hatua hii. Risasi iliyopakwa rangi inateleza kama kioo, na hakuna nguvu ya mkono itakayofanya singa ziishike.

Hatua ya 4: Kukaza fungu la kwanza

Hapa ndipo nilipopoteza majuma. Soma pole pole.

Kwanza, kiasi. Chukua fungu ambalo ukilibana kwa vidole linakuwa nene kama njiti ya kiberiti. Ndiyo, njiti moja. Kila anayeanza huchukua mara tatu ya hapo kwa kuogopa jigi itaonekana nyembamba. Fungu nene lina singa za katikati ambazo uzi haujazigusa. Zinashikiliwa na wenzake tu, na zikianza kuchomoka zile, zote zinalegea.

Pili, kata mashina ya singa mshazari kabla ya kufunga. Ukikata baada ya kufunga, mkasi unaweza kula uzi, na utaachwa na kigingi nyuma ya kichwa. Pima kwanza: kutoka unapofungia hadi ncha, urefu uwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya urefu wa ndoano. Ncha usizilinganishe kwa kugonga. Zikiachwa zilivyo, jigi inachongoka kama mkia wa samaki mdogo.

Tatu, na hili ndilo lenyewe. Laza fungu juu ya shingo, libane kwa kidole gumba na cha shahada. Pitisha uzi mzunguko mmoja *uliolegea*, kisha wa pili uliolegea vilevile. Vidole bado vimebana. Sasa vuta uzi moja kwa moja kuelekea juu, si kwa pembeni, mpaka mizunguko yote miwili ijifunge kwa pamoja. Ukikaza mzunguko wa kwanza peke yake, uzi unaliburuta fungu kuuzunguka mwili wa ndoano, na kazi imeharibika hapo hapo. Ongeza mizunguko mitatu au minne ya kukaza kweli kweli, ndipo uachie vidole. Ukiviachia mapema, singa zitatambaa upande wa pili.

Uzi ukikatika, angalia ncha ya ndoano kabla ya kulaumu nguvu zako. Mara nyingi uzi umeparuzwa pale ulipokuwa ukipita.

Singa zikisimama kama mwavuli japo umefuata yote haya, usizidi kukaza. Mizunguko ya mwisho kuelekea nyuma iwe laini kidogo. Hiyo ndiyo inayozilaza. Mizunguko ya nguvu ibaki karibu na kichwa.

Jaribu kulizungusha fungu kwa kidole gumba. Likisogea hata kidogo, fumua lote uanze upya. Gundi haitaliokoa; nilishajidanganya hivyo kwa jigi nyingi.

Hatua ya 5: Mafungu yaliyobaki

Rudia kwa mafungu mengine matatu: chini na pande mbili. Kumbuka jigi huogelea ncha ya ndoano ikiangalia juu, kwa hiyo upande huo weka singa chache zaidi ili samaki asikute kichaka mbele ya ndoano. Ukitaka rangi mbili, weka nyeusi au ya kahawia upande huo wa juu na nyeupe chini, kama walivyo samaki wadogo wengi.

Hatua ya 6: Kumalizia

Funika mashina yote kwa uzi, piga fundo la kumalizia mara mbili, kata. Kisha paka rangi ya kucha mara mbili, kila mara iache ikauke. Supagluu usiitumie hapa: inanyonywa na singa na kupanda juu, nazo zinakakamaa kama mswaki wa zamani.

Kuijaribu

Itumbukize kwenye beseni, ivute taratibu kwa mshipi. Ikilowa itasinyaa na kuonekana nusu ya unene wake. Usiongeze singa. Umbo hilo jembamba ndilo analoliona samaki, na hata maji yakiwa na ubaridi mkali singa hazikakamai jinsi plastiki inavyofanya. Majini sihitaji mbwembwe: naiacha izame, naivuta kwa mwendo mmoja wa pole juu kidogo ya sakafu.

Ukirudi, zianike jigi usiku mzima kabla ya kuzifungia kwenye kisanduku. Zikifungiwa mbichi ndoano hupata kutu, na kutu hiyo inatia madoa kwenye singa nyeupe yasiyotoka.