Sindano moja au mrija? Namna ya kulinganisha ganzi za mgongoni

Kabla ya kumuuliza daktari wa usingizi ni ganzi ipi iliyo bora, muulize kwanza upasuaji au uzazi wenyewe utachukua muda gani, na kama muda huo unajulikana.

Ganzi ya uti wa mgongo huchomwa mara moja kiunoni, chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, na mililita 2 au 3 tu za dawa huingia moja kwa moja katika maji yanayozunguka mishipa ya fahamu. Miguu huanza kupata joto, kisha huwa mizito, na baada ya dakika chache hainyanyuki. Kwa kuwa nguvu yake hudumu takriban saa 2, inafaa sana kwa upasuaji wa kujifungua uliopangwa, ambapo mama hubaki macho, akihisi kuvutwavutwa tumboni bila maumivu.

Epidura, ganzi ya pili ya mgongoni, haifiki kwenye maji hayo. Sindano huishia nje ya utando unaoyashikilia, na mrija mwembamba huachwa hapo ili dawa iongezwe kila inapohitajika. Huchukua dakika 15 hadi 20 kushika, lakini kwa uchungu wa uzazi unaoweza kukesha nao, hiyo ndiyo ningeichagua. Tena mambo yakibadilika, mara nyingi mrija uleule hupitishiwa dawa kali zaidi ya upasuaji. Hofu kwamba epidura humpeleka mama kwenye kisu haina ushahidi, ingawa hatua ya kusukuma inaweza kurefuka.

Upasuaji wa mkono hauhitaji mgongo kabisa: mishipa ya fahamu ya bega au kwapa hutiwa ganzi peke yake.

Taja mapema dawa za kuzuia damu kuganda, homa, au maambukizi ya ngozi ya mgongo, kwani lolote kati ya hayo linaweza kuzizuia njia zote mbili za mgongoni. Wakati wa kuchomwa, inamisha kidevu kifuani na utoe kiuno nje; uchungu ukibana, sema kabla hujatikisika. Ukihisi kichefuchefu baadaye, sema pia, kwa sababu huenda presha imeshuka.

August Bier, aliyeanzisha ganzi ya uti wa mgongo nchini Ujerumani mwaka 1898, alijaribiwa yeye mwenyewe na akaumwa kichwa kwa siku kadhaa. Kichwa kinachouma ukiketi na kutulia ukilala kinaashiria kwamba maji ya uti wa mgongo yanavuja kupitia tundu la sindano. Rudi hospitali, kwani kisipopoa, damu yako mwenyewe inaweza kuchomwa karibu na tundu ili kuliziba.