Mbolea ambayo mahindi hayakula: namna ya kuifuatilia shambani

Mavuno yameingia, kiangazi kimeanza, na wakulima wengi wa pembeni mwa Lubumbashi wanaamini yurea, ile mbolea nyeupe ya nitrojeni, iliyobaki udongoni inawangoja hadi Novemba. Inayongoja ni kidogo.

Hatua ya 1: Piga hesabu

Mfuko wa kilo 50 wa yurea una kilo 23 za nitrojeni, ile azoti. Wa NPK 10-20-10, mbolea ya mchanganyiko wa nitrojeni, fosfati na potashi, una kilo 5 tu. Tuseme hektari moja ilipata mifuko minne ya kila aina: jumla kilo 112 za nitrojeni. Kila tani ya punje hubeba kilo 15 hivi za nitrojeni hiyo. Ukivuna tani mbili, punje zimechukua 30, na mabua pengine 15. Zaidi ya nusu haikuingia kwenye mahindi.

Hatua ya 2: Jua ilikopitia

Yurea iliyomwagwa juu bila kufukiwa hugeuka amonia na kupaa hewani. Iliyoingia udongoni inakuwa amonio, inayoshikwa na udongo, kisha bakteria huigeuza nitrati na kuacha asidi nyuma. Nitrati haishikiki vizuri: mvua za Januari na Februari huishusha chini ya mizizi. Bondeni maji yanakotuama, bakteria wengine huigeuza gesi. Sehemu nyingine huingia kwenye mboji na kutoka polepole, miaka kadhaa.

Hatua ya 3: Pima

Chota udongo sehemu nyingi, kina cha sentimita 0–20, kisha 40–60, kila kina ndoo yake. Epuka vichuguu na pale mifuko ilipowekwa. Uanike haraka kivulini. Ukiuacha na unyevu mfukoni, bakteria wanaendelea na kazi na majibu yatakudanganya. Omba maabara ipime nitrati, amonio na pH, yaani kipimo cha asidi. Usikubali kupewa nitrojeni ya jumla peke yake: karibu yote imo kwenye mboji, ni namba kubwa isiyosaidia kuamua idadi ya mifuko.

Hatua ya 4: Ikamate

Usichome mabua, nitrojeni yake inaondoka na moshi. Lakini pia usiyafukie karibu na wakati wa kupanda, maana vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya mahindi nitrati, nayo yanakuwa manjano. Yaache juu ya udongo.

Mvua za kwanza huamsha bakteria, nitrati inafumuka kwa wingi wakati shamba bado tupu. Ndiyo maana napendelea kupanda mapema. Mbaazi kati ya mistari ni nzuri zaidi: mizizi yake huenda chini na hubaki hai baada ya mahindi kuvunwa. Yurea ya msimu ujao igawe mara mbili, na uifukie.

Hatua ya 5: Kisima

Kama kisima kiko upande wa chini wa mteremko wa shamba au wa bustani ya lengalenga (mchicha), pima maji yake. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za nitrati kwa lita. Yakizidi hapo, usiyatumie kukorogea maziwa ya mtoto mchanga, hata yakiwa yamechemshwa, kwa sababu kuchemsha hakuondoi nitrati.